Nilivyompeleka mama Pangani na Lushoto bila kukimbizana

Mara ya kwanza tulivyojaribu safari hii, miaka miwili iliyopita, tuliiharibu wenyewe. Siku tatu, gari moja, watu sita, na kwenye karatasi nilikua nimeandika Tongoni, Pangani, Amani, Lushoto na Mtae, zote izo za mkoa wetu wa Tanga, maana kwenye ramani zinaonekana zimesogeleana kweli. Pangani tulipita kama tunakimbizwa, Amani mvua ilinyesha lile udongo jekundu likawa kama sabuni tukageuzia njiani, Lushoto tumefika usiku na gesti tuliyoahidiwa kwa simu vyumba wameshampa mtu mwingine, watoto wametapika kona zote za kupanda kutoka Mombo, na mama, ambae safari yenyewe ilikua kwa ajili yake, alikaa siti ya nyuma kimya mpaka tunarudi Tanga. Pale nyumbani Makorora anashuka kwenye gari akaniambia "Mwanangu ahsante, ila sijaona kitu." Iyo sentensi ilinikaa rohoni miaka miwili.

Kwaiyo safari hii nilianza na mama mwenyewe. Nikamuuliza, mama unataka kuona nini hasa, sio sisi tunataka kukuonyesha nini. Akafikiria siku mbili nzima alafu akanijibu vitu viwili tu, anataka kwenda Maziwe, kile kisiwa cha mchanga baharini karibu na Pangani, alikokua akipelekwa na babu wakati yuko msichana Pangani, na anataka kulala kwenye baridi, blanketi nzito na chai ya moto. Basi. Amani sijui Mtae hakuzitaja, nikazifuta. Kaka alinung'unika kidogo maana yeye anapenda kuendesha mbali, wifi akamtuliza.

Hela tulianza kuweka mwezi wa nne. Mimi, kaka na mdogo wetu alieko Dar kila mmoja elfu 50 kwa mwezi, miezi minane, ikafika milioni moja na laki mbili, na kila mwezi nilikua nawatumia wote picha ya salio ili mtu asione anachangia peke yake. Desemba tuliichagua kwa sababu shule zimefungwa, vuli inaelekea ukingoni, kaskazi imeanza kuvuma na maji ya bahari yanakua masafi, alafu Lushoto ndio wakati wa matunda ya plamsi. Ubaya wake ni kwamba kila mtu ana likizo, ndio maana vyumba nililipia advansi mwezi wa kumi na nikaomba risiti, nikaipiga picha nikaihifadhi, sikutaka tena mambo ya "tumekuwekea dada usijali".

Sasa kitu kilichobadilisha kila kitu ni maji. Maziwe sio kisiwa cha kwenda saa unayotaka, ni fungu la mchanga tu lililobaki, maji yakijaa linafunikwa kabisa. Kwaiyo nilipanga safari nzima kurudi nyuma kutokea pale. Nilimpigia mzee mmoja nahodha kule Ushongo, ufukwe wa kusini ya mto Pangani, nikamwamkia, nikamwambia nataka kumleta mama tarehe fulani, akacheka, "Mwanangu, tarehe sio yako, ya mwezi. Angalia mwezi mpevu, ongeza siku moja mbili, bamvua ikishika, yaani maji yanajaa sana na kupwa sana, yanapwa saa nne saa tano asubuhi, hapo mama yako atakanyaga mchanga. Ukija maji mafu, bahari haipwi sana, utakuta kifungu kidogo na utarudi unalalamika." Nikachukua kalenda nikatafuta mwezi mpevu, nikaizungushia siku ya Maziwe, kisha nikahesabu, siku moja kabla tuwe tumeshavuka kivuko cha mto Pangani, siku moja kabla yake tuwe Pangani mjini. Ndivyo tarehe ya kutoka nyumbani ilivyopatikana. Nawaambia kweli, watu wanaanza na siku waliyopewa likizo alafu wanalazimisha bahari iwafuate, haiwezekani.

Gari ni Noah ya kaka. Wiki moja kabla ilikwenda gereji, breki zikabadilishwa, rejeta ikaangaliwa, tairi za mbele mpya. Kwenye breki sikukubali ubishi maana najua kona za kushuka Soni, njia ya Lushoto.

Tulitoka Tanga saa mbili asubuhi tumeshiba chai na mihogo. Pangani ni kilomita 50 hivi tu, ile barabara iliyokua ya vumbi miaka yote ilikua inawekwa lami, ungeweza kufika mapema sana lakini nilishasema hakuna haraka. Tukasimama Tongoni. Mara ya kwanza tulipita dakika kumi, safari hii tulikaa saa nzima na zaidi, pale kuna gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengine ya minara, ya tangu enzi mji ule unafanya biashara, kabla Vasco da Gama hajapita na meli zake 1498. Mama alivaa vizuri mtandio wake akawasomea fatiha, watoto wakakaa kimya bila kuambiwa. Mimi nilidhani watachoka, kumbe walikua wanahesabu makaburi, mmoja anasema 38 mwingine 42, wakarudia tena.

Pangani mjini tulilala usiku mmoja. Hapo sikupanga kitu chochote, maana mama ana ndugu zake, na mji wenyewe ni wa kutembea kwa miguu, nyumba za zamani za kando ya mto, milango ya nakshi, nyingine zimeshaanza kubomoka inauma kuziangalia. Jioni binamu yake mama, tunamwita mama mkubwa, akatutembeza, akawasimulia watoto habari za Abushiri bin Salim alivyowapinga Wajerumani na walivyomnyonga hapo hapo Pangani Desemba 1889. Mtoto wa kaka akauliza "Bibi, Desemba kama hii?" Kama hii, akamwambia. Usiku tumekula samaki wa nazi na bada, ugali wa muhogo, watu wamekaa barazani mpaka saa nne, na mimi nikamwona mama anacheka kile kicheko chake cha zamani nikajua tumepatia.

Asubuhi tukavuka kivuko kwenda Bweni, ng'ambo ya mto. Mtoni pale daraja kubwa lilikua linajengwa lakini sisi tumevuka na kivuko, na kivuko kina foleni yake, magari ya mizigo, bodaboda, watu na makuku yao, kwaiyo ulizia siku moja kabla kinaanza saa ngapi na kama kizima. Sisi tulifika mapema tukasubiri karibu saa moja na haikutuuma, maana siku ile haikua na kitu kingine zaidi ya kufika Ushongo na kulala chini ya minazi.

Siku ya Maziwe nahodha alikuja mwenyewe kutuita saa mbili. Maboya ya kuvaa kila mtu, la mama nahodha kalifunga kwa mkono wake. Kuna kiingilio cha hifadhi, uliza bei mapema uweke pembeni. Bahari ilikua imetulia, boti imekwenda kama nusu saa na kitu, kwanza huoni kitu, alafu unaona mstari mweupe juu ya maji, alafu ndio mchanga wenyewe. Mama akashuka akasimama. Akauliza, "Mivinje iko wapi?"

Sikua najua. Nilijua Maziwe ni mchanga, sikujua kama zamani ilikua na miti. Nahodha ndie aliemjibu, akamwambia shikamoo dada yangu, miti ilikwisha, bahari ilikula mchanga kidogo kidogo mivinje ikaanguka, ilipofika miaka ya themanini mwanzoni hakuna kilichobaki. Mama akasema walikua wanakaa kivulini pale na babu anakausha nyavu, na kasa wanapanda kutaga. Kasa bado wanakuja, nahodha akamwambia, ila mayai yanahamishiwa Ushongo maana wakiyaacha maji yakijaa yote yanakufa. Tukakaa kama saa mbili. Watoto wako kwenye maji na miwani wanaangalia samaki, mama amekaa kwenye mkeka na mwavuli, anachora na kidole mchangani, mti ulikua hapa, na hapa, na hapa. Sikupiga picha wakati ule. Maji yalipoanza kurudi, yale aliyoyachora yakafutika taratibu, tukapanda boti.

Siku ya nne tukarudi Tanga, na hii naomba mtu aichukue, tulilala nyumbani kwetu. Ipo barabara ya kutoka Pangani kukatiza mpaka Muheza, kaka aliitaka sana, nikakataa. Tulifua nguo, tukatoa mchanga kwenye gari, mama akanywa dawa zake za presha na kulala kitandani kwake, tukachukua masweta. Usiku mmoja wa nyumbani katikati ya safari unaokoa hela na unaokoa magoti ya mtu mzima.

Lushoto tulikwenda kesho yake. Muheza tukanunua machungwa, mashamba ya mkonge pembeni unayaona mpaka macho yanachoka, Segera, Korogwe, mpaka Mombo joto limetuchemsha. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita 33 na hizo ndio zilizotumaliza mara ya kwanza. Safari hii tulikula kidogo tu asubuhi, mama akakaa mbele, watoto nikawapa vipande vya tangawizi watafune na nikawakataza simu, vioo nusu wazi, kaka anakwenda pole pole mkono wake. Soni tukasimama kwenye maporomoko, yapo karibu kabisa na barabara, tukakaa dakika arobaini mpaka matumbo yametulia. Hakuna aliyetapika, ata mmoja. Wakati wa kurudi, kushuka, kaka aliweka gia ndogo injini ndio ishike gari, breki anagusa tu, nyuma yetu kulikua na gari dogo linanuka breki mpaka ndani kwetu tunasikia harufu.

Usiku wa kwanza Lushoto mama aliomba blanketi la pili. Asubuhi nikamkuta kajifunika kanga mbili na sweta, kikombe kakishika kwa mikono yote miwili, ananiambia "Hii ndio baridi niliyokua naisikia."

Tulilala usiku tatu pale, na siku ya katikati niliiacha tupu kwa makusudi. Siku ya kwanza tumekwenda Irente, ukisimama pale ukingoni chini yako ni nyika yote mpaka inapotelea, na kule shambani Irente wanauza jibini, jamu na mkate wao mzito tukala majanini. Lakini ile siku tupu ndio watu wote wanaisimulia. Mama alikwenda sokoni na wifi kununua plamsi, akakutana na bibi mmoja Msambaa anauza karoti na magimbi, wakaanza mazungumzo, wakajikuta wote wamezaliwa mwaka mmoja, basi, kiti kikaletwa. Walikaa tangu saa tatu mpaka adhuhuri, mama akimweleza habari za bahari ambayo yule bibi hajawahi kuiona kwa karibu, na yule akimweleza habari za mashamba ya kwenye miteremko na ukungu unavyoshuka. Tungekua na ratiba ningemwambia mama twende tumechelewa.

Tulivyorudi kwenye akaunti ilibaki laki moja na elfu sitini. Nikawauliza tuigawane, mama akadakia kabla kaka hajafungua mdomo, akasema iache hapo hapo, yule bibi amemwambia Amani ukienda wakati hakuna mvua kuna maua madogo ya zambarau yanaota kwenye mawe msituni. Mwezi wa kwanza kila mtu ameshatuma elfu 50 yake.