Nani anasoma pepa zetu za umeme?

Tangu watu wajue nipo kwenye kamati ya kuandaa konferensi ya kimataifa ya nishati na umeme, maswali ni yale yale kila siku: ukumbi mmepata wapi, sponsa nani, waziri anakuja kufungua? Maswali ya maana, siyapuuzi, bila ukumbi watu watakaa wapi. Ila hakuna hata mmoja anayeuliza pepa (makala za utafiti) zinasomwa na nani kabla hazijakubaliwa, na mimi naamini kabisa hapo ndipo konferensi inapopona au inapokufa, kwa hiyo leo naongelea hilo.

Kwa wasiojua utaratibu, niueleze haraka. Konferensi yenye baraka za IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki, ile ambayo pepa zake zinaishia kwenye maktaba ya IEEE Xplore, haipangwi mwezi huu ikafanyika mwezi ujao. Unaanza zaidi ya mwaka kabla, unaomba kibali, unatoa tangazo la kuita pepa, unafungua mfumo wa kupokelea (wengi tunatumia EasyChair au EDAS), pepa zikiingia zinapimwa kama kuna maandishi yamenakiliwa, halafu kila moja inapelekwa kwa wasomaji kama watatu hivi, wanarudisha maoni na alama, kamati ya kitaaluma inakaa inaamua hii ipite, hii ikarekebishwe, hii hapana, mwandishi anarekebisha, analipa ada, anatuma toleo la mwisho, ndio aje asimame mbele za watu aongee dakika zake. Na asipotokea bila sababu ya maana, IEEE wana haki ya kuiacha pepa yake nje ya Xplore, yaani mwaka mzima wa kazi umeyeyuka.

Sasa katika mlolongo wote huo, hatua ya wasomaji ndiyo isiyoonekana. Hakuna anayeipiga picha, hailipwi, na inafanywa usiku na watu wenye kazi zao. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho bado kinanikereketa.

Ililetwa pepa ya kijana mmoja kuhusu kushuka kwa volteji kwenye laini ya kV 33 (volti elfu 33) inayokwenda vijijini. Kazi safi, vipimo amechukua mwenyewe mwanzo wa laini na mwisho wa laini, asubuhi, mchana, na ile saa moja mpaka saa nne usiku ambapo kila mtu amewasha taa na tivii. Rivyu ya kwanza, yaani maoni ya msomaji, ikarudi, msomaji yuko nje ya Afrika, profesa anayeheshimika, anasema laini ya kV 33 yenye urefu huo haipo duniani, mwandishi atakuwa amekosea data, pepa ikataliwe. Laini yenyewe ina zaidi ya kilometa mia moja! Mtu yeyote aliyefanya kazi ya umeme mikoani Tanzania anajua laini za namna hiyo zipo, zimejengwa kwa sababu kituo cha kupoza umeme kiko mbali na vijiji vimetawanyika, na ukifika mwisho wake friji inaunguruma haipozi. Kwa yule profesa hilo ni kosa la data, kwa sisi ndio tatizo lenyewe linalotakiwa kufanyiwa utafiti.

Tukaipeleka pepa ile ile kwa mhandisi wa usambazaji, mtu ambaye hana PhD lakini amekaa na hizo laini maisha yake yote ya kazi. Maoni yake yalikuwa ukurasa mmoja tu. Urefu hakuuliza kabisa. Aliuliza kama kuna regyuleta ya volteji (kifaa cha kuinua na kusawazisha volteji) katikati ya laini na kama ilikuwa inafanya kazi siku za vipimo, akauliza wateja wakubwa ni akina nani, kuna mashine za kusaga na za kukoboa ngapi na zinaanza saa ngapi, maana mota moja kubwa ikiwashwa inaweza kukuvurugia vipimo vyote vya mchana. Kijana akarudi site, akajibu yote hayo, na pepa ikawa bora mara mbili ya ilivyokuwa. Hiyo ndiyo rivyu. Mtu anakusoma ili kazi yako isimame vizuri, na anajua unachokiongelea.

Kwa hiyo msimamo wangu kwenye vikao vyetu umekuwa huo huo: kila pepa inayohusu gridi (mitandao ya umeme) za huku isomwe na angalau mtu mmoja anayefanya kazi kwenye gridi za huku. Awe wa control room (chumba cha kuongozea gridi), awe wa protection (vifaa vya kukata umeme hitilafu ikitokea), awe wa usambazaji, mradi anaijua. Msomi wa nje abaki, tunamhitaji sana kwa hesabu na kwa kujua nini kimeshafanywa kwingine, lakini asiwe peke yake.

Wapo waliosema nakuza mambo. Hebu tuangalie tarehe 6 Septemba 2024 kule Kenya. Asubuhi laini ya Loiyangalani kwenda Suswa ilitoka, yaani ilijikata, ikiwa imebeba megawati 288 za upepo wa Turkana, mara ikafuata laini ya DC (umeme wa mkondo mnyoofu) ya kutoka Ethiopia iliyokuwa inaleta megawati 200, jumla 488 zimeondoka kwa mkupuo kwenye gridi ambayo mahitaji yake ya juu kabisa ni megawati elfu mbili na ushee. Sehemu kubwa ya nchi ikazima. Ukiiweka hiyo kwenye gridi ya Ulaya magharibi, megawati 488 ni kitu ambacho mteja hata hajui kama kimetokea. Huku kwetu ni kama sehemu moja ya tano ya mzigo, frikwensi (kasi ya mapigo ya umeme) inaporomoka kabla jenereta nyingine hazijawahi kuitikia. Na sasa hivi Tanzania tuna bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla 2,115, mashine moja tu ikitoka ghafla gridi nzima inaisikia. Halafu tumeshaungana na Kenya kwa laini ya kV 400 kupitia Namanga tangu mwishoni mwa 2024, kwa hiyo mtikisiko wa jirani ni wetu na wetu ni wake. Akiba ya umeme kiasi gani iwe inazunguka kwenye mashine muda wote, mipaka ya kuzima mzigo (kukatia baadhi ya wateja) iwekwe wapi, laini ya DC isaidieje frikwensi badala ya kuwa ndiyo chanzo cha kuanguka, haya ni maswali ambayo majibu yake hayapo kwenye kitabu cha mtu, ni lazima tuyatafute sisi na tuyajadili pamoja, Wakenya, Watanzania, Waganda na Waethiopia kwenye chumba kimoja. Konferensi ndio chumba chenyewe.

Kuwapata hao wahandisi kusoma pepa si kazi rahisi. Wengi hawajawahi kuombwa, wanadhani ni mambo ya maprofesa. Wengine wanaogopa mwajiri, maana data za gridi ni nyeti na mtu hataki aonekane ametoa siri, hilo tumelitatua kwa kuandika barua rasmi kwa mkuu wake na kueleza kwamba anasoma tu, hatoi data yoyote. Wengine maoni yao ni mistari miwili, "nzuri" au "haifai". Tukaandaa semina fupi jioni kwa mtandao, tukawaonyesha rivyu nzuri inafananaje, basi, wakaelewa haraka ajabu, kwa sababu hawa ni watu wanaoandika ripoti za hitilafu kila wiki, kufikiri chanzo na matokeo ndio kazi yao.

Na wanafunzi jamani. Ada imewekwa kwa dola, kadi ya benki inagoma malipo ya nje, mwanafunzi anahangaika wiki nzima kulipia pepa iliyokwisha kukubaliwa. Wa kutoka Afrika magharibi ana safari ya kuungaunga ndege kupitia Addis au Nairobi, ana kadi ya homa ya manjano ya kutafuta, na barua ya mwaliko kwa ajili ya viza ndiyo inategemea sisi tuiandike mapema. Barua ikichelewa mtu haji, tumeshapoteza aliyekuja na data ya gridi yake. Ndio maana nilisimama kidete kwamba kwenye bajeti, nauli za wanafunzi na malipo kwa simu viamuliwe kabla ya mifuko ya washiriki na chakula cha jioni cha gala. Tulibishana sana hapo, na sijabadili mawazo.

Naona pia dalili nzuri. Konferensi ya PowerAfrica ya IEEE imeshazunguka Livingstone, Accra, Abuja, Kigali, Marrakech. Ile ya jotoardhi ya bonde la ufa, ARGeo, ilikuja Arusha 2014 na Dar 2024, na wao wana utamaduni ninaoupenda sana, kozi fupi kabla ya mkutano na safari ya kwenda kwenye visima vyenyewe. Sisi upande wa gridi tuige. Siku moja nzima watu wapelekwe kituo cha kupoza umeme, yule aliyeandika pepa ya protection asimame mbele ya paneli yenyewe, fundi wa pale amuulize maswali.

Ratiba nayo tuipe pumzi. Pepa nane kwenye saa moja na nusu hakuna anayejifunza, mtu anakimbiza slaidi, mwenyekiti anaonyesha karatasi ya "dakika 2", swali moja, makofi, anayefuata. Nne zinatosha, zilizobaki ziende kwenye mabango ukumbini ambako watu wanasimama, wanaongea kwa raha, wanapeana namba za simu. Yule kijana wa kV 33 kwenye bango lake alikaa na wahandisi wawili kutoka nchi nyingine wenye laini ndefu kama yake, mmoja akatoa simu akamwonyesha grafu za kwao, na chai ilipokwisha walikuwa wanapanga kupima pamoja. Kwa awamu ijayo orodha ya wasomaji nimeshaanza kuiandika na wahandisi wa gridi ndio nimewaweka juu, kila kada ninayoikumbuka, kuanzia control room mpaka wale wanaopanda nguzo.