Hajijui

Tangu Jumatatu neno moja limenikaa kama mwiba wa samaki kooni. Tulikuwa barazani baada ya magharibi, mimi na mjomba, popo wameanza kupita juu ya mshelisheli wake. Akaniuliza, "Mwanangu, huyo ndege au mnyama?" Nikamwambia mnyama, mjomba, ananyonyesha. Akacheka. "Basi hajijui. Na wewe kila jioni unamhesabu asiyejijua."

Nikanyamaza. Jumatano mdogo wangu akaolewa, nyumba ikajaa wageni wa Unguja, na mimi napanga masinia huku neno lile lile linazunguka kichwani. Hajijui.

Hajijui vipi, mjomba? Popo wa Pemba, ambaye wataalamu humwita Pteropus voeltzkowi, hapatikani popote duniani ila kisiwani kwetu. Ndugu wa ukoo wake wako Mafia, Komoro, Madagaska na Ushelisheli. Bara kwenyewe, ng'ambo ya mkondo wa kilomita zipatazo 50, hakuna hata mmoja. Akikunjua mabawa yanakaribia mita 1.6, na uzito wake haufiki kilo moja. Hatafuti njia kwa mwangwi kama wale popo wadogo wanaowinda wadudu. Huyu hutumia macho na pua, ndiyo maana macho yake ni makubwa. Akilala, uzito wa mwili wake wenyewe huvuta kano za miguu na vidole vikajifunga kwenye tawi, hatumii nguvu. Ndiyo maana hata aliyekufa unamkuta bado ananing'inia. Akitaka kukojoa hugeuka, akashika tawi kwa kucha za gumba, kichwa juu, asijichafue. Jua likiwa kali hujipepea kwa bawa moja na kujilamba kifuani, mate yakikauka yampoze.

Lakini hilo la mama ndilo ningelitanguliza, kama ulimi haungenikwama. Huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Wiki za mwanzo humbeba kifuani hata akiruka; akizidi uzito humwacha mtini na kwenda kula. Alfajiri anarudi kwenye mti wenye mamia ya popo wanaogombania nafasi, wanaozomeana na kupigana mabawa, naye anamtambua wake kwa sauti na harufu. Huyo ndiye asiyejijua?

Na hesabu ina sababu. Mwaka 1989 waliowatafuta waliwakuta wachache mno. Mwaka 1995 wakakadiriwa karibu 5,000, na mwaka 2007 karibu 20,000, baada ya vijiji, Kidike kikiwamo, kuamua kuilinda miti yao. Anayezaa mmoja kwa mwaka hawahi kufidia wanaopigwa bunduki, na bila kuhesabu hujui umepoteza wangapi mpaka mti uwe mtupu. Kuhesabu wenyewe wamelala kunadanganya, majani huwaficha. Tunasimama pande tofauti za mti kabla ya magharibi, kila mtu na kipande chake cha mbingu, tunahesabu wanaotoka na kuandika kila dakika tano. Anayezunguka akarudi mtini anatolewa kwenye hesabu. Kosa kubwa ni wawili kuhesabu kipande kimoja, jumla ikavimba.

Kuhusu mashelisheli ya mjomba nakubali, popo huyala. Hutafuna, wakameza maji, makapi wakayatema. Lakini hupenda yaliyoiva, kwa hiyo yaliyokomaa yachumwe mapema. Wavu nao usiwe ule wa uvuvi alioutundika mjomba mtini ukilegea: uvutwe ukaze, na matundu yake yasipitishe hata kidole kidogo, la sivyo popo hunasa bawa na kufa polepole. Mbegu anazodondosha mbali na mti mama ndizo misitu yetu ya kesho.

Haya yote nilikuwa nimeyapanga nimwambie Ijumaa. Tukatoka msikitini, kabla sijafungua mdomo mjomba akasema, chini chini, "Na mtoto wa popo akianguka, mama yake anamfuata?"

Nilifurahi mpaka nikasahau viatu vyangu vilipo. Kumbe naye amekuwa akiwaza. Nikamweleza: kutoka ardhini kuruka ni shida kwake, hutambaa mpaka apate shina apande. Usimshike kwa mkono mtupu. Mfunike kwa kitambaa kinene, umweke kwenye tawi la juu, miguu ishike yenyewe, kisha ondoka mama apate kukaribia. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo. Mjomba akaitikia kwa kichwa. Wavu wake jioni ile aliushusha.

Sasa ni usiku na mawingu yamejaa upande wa Wete. Karafuu zetu ziko juani siku ya pili tu, makonyo, vile vijiti vyake, hata hayajamalizika kutolewa, na jamvi moja liko kwa jirani. Mvua ikishuka kabla ya alfajiri zitaharibika ziwe mpeta.