Hicho Kipande Mnakipeleka Wapi?

Jirani yangu wa mlango wa pili kajifungua Jumapili, na tangu siku hiyo korido yote inanuka uwatu. Mama yake kaja kutoka Pangani kumuuguza. Anauchemsha alfajiri, anauchemsha tena jioni, mzazi apate maziwa. Jana usiku nilifunga madirisha, nikaziba na kanga chini ya mlango, wapi. Uwatu ukishaamua kuingia, unaingia.

Mimi na uwatu tumetoka mbali. Ila wangu haukuwa wa maziwa, ulikuwa wa kuzibua. Mwaka 2022, nikiwa na miaka 33 na kilo 118, nilikaa miezi minane bila kuona siku zangu, na Mama aliamini damu imekwama mahali fulani kama maji machafu kwenye sinki. Akawa ananitumia uwatu kwa basi la Muheza, robo kilo kwa robo kilo, na maagizo juu: loweka usiku, meza asubuhi na maji yake, usiongee na mtu kabla hujameza. Nikameza. Jasho langu likaanza kunuka bizari, ofisini watu wakawa wanaulizana nani kaleta mchuzi. Damu haikushuka.

Na ndevu zilizoniota kidevuni nimeshazisimulia, sirudii.

Altrasaundi ndiyo iliyonipa jina la kitu chenyewe. Dada wa kipimo alinigeuzia skrini akanionyesha vifuko vidogo vyeusi vimepanga mstari pembezoni mwa ovari. "Ona," akasema, "kama tasbihi." Mtaani tunasema "ana vivimbe kwenye kizazi", na mimi miaka yote niliogopa vivimbe. Kumbe ni vifuko vya mayai yaliyoanza safari yakaishia njiani, hakuna lililokomaa likatoka. Baadaye nikasoma kwamba wataalamu walikutana Rotterdam mwaka 2003 wakaweka masharti matatu: siku zisizo na mpangilio, homoni za kiume kuzidi, na hiyo tasbihi. Ukiwa na mawili, tayari unayo PCOS, yaani ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi. Mimi nilikuwa nayo yote matatu. Shuleni sikuwahi kupata tatu kwa tatu.

Nikapewa metformini, dawa ya sukari, ingawa sukari yenyewe sikuwa nayo. Wiki mbili za mwanzo niliishi chooni. Nikaambiwa pia nipunguze uzito, hata asilimia tano au kumi tu, siku zinaweza kurudi zenyewe. Asilimia tano ya kilo 118 ni kilo sita kasoro. Jamani, hizo kilo sita nilizipunguza mara tatu! Kila mara zilirudi zimeongozana na ndugu zao. Niliacha wali, niliacha chapati, nilitembea mpaka viatu vikaisha upande mmoja, nilisikiliza klipu za Profesa Janabi, yule daktari wa moyo anayehubiri ulaji, hadi nikawa namjibu kwa sauti nikiwa peke yangu jikoni. Mwenzangu wa meza ya jirani ofisini alikuwa anakula chipsi mayai kila siku ya Mungu na kiuno chake kama nyigu.

Ndipo likaja wazo la kukatwa mfuko wa chakula ili uzito ushuke. Mjini wakati huo habari ilikuwa puto, wanaloweka tumboni pale hospitali ya Mloganzila ili ushibe haraka, na kwenye daladala kila abiria alikuwa bingwa wa puto. Lakini daktari wangu wa homoni akasema puto huwekwa kwa miezi kadhaa likatolewa, na kwa uzito wangu na hali yangu afadhali nikamsikilize kwanza mpasuaji. Nikamwambia Mama kwa simu, nikijua atasema astaghafirullah na kukata. Hakukata. Alisema, "Nakuja." Kesho yake jioni alikuwa stendi ya Magufuli na kapu la machungwa.

Hospitali siitaji. Benchi lilikuwa la mbao, limelainishwa na makalio ya watu. Mama kakaa pembeni yangu, mkoba mapajani, kama anasubiri basi la kurudia. Mume wangu hakuja, alikuwa na safari. Alikuwa na safari nyingi mwaka ule.

Daktari alikuwa kijana. Alimwamkia Mama shikamoo kwa heshima zote, akanisalimia na mimi, akavuta karatasi nyeupe. Nakumbuka nilivyokitazama kidevu chake, laini, safi, nikaona wivu. Akachora mfuko wa chakula. Ulitoka kama kiriba kilicholala ubavu. Halafu akapitisha kalamu kutoka juu mpaka chini, mstari mmoja mrefu, akaupaka wino upande mkubwa wote.

"Hii yote tunaitoa. Kama asilimia themanini hivi. Tunapita kwa matundu madogo, hatupasui tumbo zima. Kinachobaki ni kama ndizi."

"Ndizi gani?" Mama akauliza.

Daktari akanitazama mimi. Mimi nikatazama feni.

"Ndizi tu, mama. Ya kawaida."

"Mzuzu au kisukari?"

Akafikiri kweli, namheshimu kwa hilo. "Nyembamba kuliko mzuzu," akasema, "ila ndefu kuliko kisukari."

Mama akaitikia kwa kichwa. Sasa wameelewana. Daktari akaendelea kwamba homoni ya njaa nyingi hutoka kwenye upande ule unaoondolewa, kwa hiyo hata hamu ya kula hupungua, si nafasi peke yake. Akasema nitakunywa vitamini maisha yangu yote. Akasema mwanzoni ni supu iliyochujwa, kijiko kwa kijiko, na hata baadaye nusu kikombe kwa mlo kitanitosha. Na nisishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. "Uzito ukianza kushuka mayai yanaweza kuamka haraka kuliko unavyodhani, kwa hiyo tutakuandikia uzazi wa mpango." Nikacheka, siwezi kusema kwa nini nilicheka. Miaka sita nimetafuta mtoto kwa tochi, leo naandikiwa uzazi wa mpango. Nikapiga hesabu: 33, na foleni, na mwaka na nusu. Thelathini na tano na kitu.

Kisha akaniomba nigeuze kichwa. Mtandio ulikuwa umeteleza.

"Hii shingo imeanza kuwa nyeusi lini?"

Kabla sijafungua mdomo, Mama kajibu. "Huyo hajui kusugua. Tangu yuko darasa la sita namwambia."

Daktari akaweka kalamu chini. Akamgeukia Mama, akaongea naye taratibu, si kwa dharau. "Mama, huu si uchafu. Mwili wake hauisikii vizuri insulini, ile homoni inayoshughulikia sukari, kwa hiyo unatengeneza nyingi zaidi. Hiyo ziada ndiyo inayozichochea ovari zitoe homoni za kiume, na ndiyo hiyo hiyo inayofanya ngozi ya shingo na ya kwapa iwe nene na nyeusi. Hata ukisugua haitoki."

Chumba kikanyamaza. Feni ilikuwa inagonga kitu kila ikizunguka, tak, tak.

Nilikuwa najua Mama anaona nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nakiona. Jumamosi jioni, uwani Muheza, mimi nimekalia ndoo iliyopinduliwa, kichwa nimeinamisha mpaka kidevu kinagusa kifua, na yeye nyuma yangu na dodoki na ndimu. Alikuwa anasugua kwa nguvu ya mtu anayependa. Nikilia ananiambia vumilia, unataka watu waseme mtoto wangu mchafu? Usiku shingo inawaka moto, napulizia mto. Hiyo ilikuwa kila Jumamosi, mpaka nilipokwenda bweni.

Sasa alikuwa ameigeuza mikono yake juu ya mkoba, viganja juu, anaitazama. Hakuniangalia. Akanyoosha mkono mmoja, akaushika mtandio wangu pale ulipoteleza. Nikadhani ataupandisha unifunike. Aliushika tu. Halafu akauachia, akamtazama daktari, akauliza swali lake.

"Na hicho kipande mnakipeleka wapi?"

"Kipande kipi, mama?"

"Hicho mnachokikata."

"Ah. Kinapelekwa maabara, kinapimwa. Baada ya hapo kinateketezwa."

"Kinachomwa."

"Ndiyo, mama."

Mama akavuta pumzi. "Kondo lake huyu mama yangu alilizika kwa mikono yake, chini ya mnazi, mvua inanyesha. Mnazi mpaka leo unazaa. Leo nyie mnichomee mwanangu nusu nusu?"

Daktari hakucheka. Alikaa kimya kidogo, akajikuna kile kidevu chake. "Sijawahi kuulizwa hivyo," akasema.

Basi. Hii ndiyo sehemu ambayo wengi wenu mnaijua, kwa sababu nimeisimulia kwenye harusi na kwenye misiba, kwa sauti ya Mama na mikono yake, na watu wamecheka mpaka machozi. Mzuzu au kisukari. Mwisho wake huwa nasema: ndiyo hivyo, Mama akakataa, sikukatwa.

Hapo sasa ndipo penye aibu, maana Mama hakukataa.

Tulitoka na karatasi ya vipimo na tarehe. Njiani hakusema neno. Kesho yake asubuhi akapotea, akarudi adhuhuri kutoka Kariakoo na chupa ya chai ndogo, nyekundu, ile ya mtu mmoja. Akaiweka mezani. "Hii itakaa na joto wodini," akasema. "Supu nitachuja mwenyewe. Wao watakuletea maji ya chumvi." Kisha akaongeza, mgongo kanipa, anaosha kikombe kisichokuwa kichafu, "Hicho kipande, kama wanachoma, na wachome. Wewe ubaki."

Niliyeogopa ni mimi. Nilikuwa nimeanza kuogopa pale pale kwenye benchi, kabla hata sijaitwa jina, na lile swali la kipande lilinipa mlango. Alhamisi nikapiga simu nikiwa chooni ofisini, nikafuta tarehe. Mama nikamwambia hospitali wameahirisha, mashine mbovu. Wengine wote nikawaambia Mama hataki. Waliniamini haraka, wanamjua.

Wiki ya pili Mama mkubwa akapiga simu kutoka Tanga, kasikia. Mama alikuwa sebuleni kwangu anamenya kitunguu. Simu yake siku zote inasikika nje, hata usipoitaka. "Kwa hiyo umemzuia mtoto asitibiwe? Kwa ajili ya mizimu ya kondo?" Kisu kikasimama. Mama akainua macho akanitazama mimi nilipokuwa nimesimama mlangoni, akanitazama muda mrefu, machozi ya kitunguu yanamtoka.

"Ndiyo," akamjibu dada yake. "Nilimzuia."

Akaendelea kumenya. Hatujawahi kulizungumza.

Yaliyofuata ni ya haraka haraka. Mume akahamia kwenye zile safari zake moja kwa moja. Leo nina kilo 109, nyingine bado zinaenda na kurudi. Siku zangu zinakuja kama mgeni wa Idi, na zisipokuja natumia vidonge vya kuzishusha kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu ukuta wa mji wa mimba ukijengeka bila kubomolewa si salama. Ile karatasi yenye mchoro wa mfuko ninayo, imekunjwa mara nne ndani ya kava ya pasipoti. Mwezi uliopita niliitoa. Wino wa upande wa kutupwa umefifia kidogo. Nimepiga simu nikaulizia tarehe, sijasema nitakwenda, nimeulizia tu. Nikienda, itabidi nimpigie Mama, na itabidi nianzie mahali fulani.

Jioni ya leo mlango ukagongwa. Mama wa jirani, na sufuria mkononi, mvuke unapanda.

"Umebaki, mwanangu. Na wewe unywe."

Hakuniuliza nina mtoto au sina. Nikasema ahsante sana mama, shikamoo, nikaingia jikoni kutafuta cha kutilia. Vikombe vyote vilikuwa vimelala kwenye sinki tangu jana. Nikachukua ile chupa nyekundu, ambayo siku hizi naendea nayo kazini na chai ya tangawizi, nikaumimina humo. Inaingia kikombe kimoja na nusu. Kwa tumbo la ndizi, milo mitatu.