"Daktari, mguu!": siku moja maishani mwangu, kathlabu ya watoto

Saa kumi na moja alfajiri niko kituoni Mbagala nasubiri daladala. Saa moja nimeshabandika beji yangu ya kupima mionzi na mitambo inapata moto. Mtaani wananiita dada wa eksirei, wanadhani kazi yangu ni kusema "vuta pumzi, usipumue" halafu nibonyeze kitufe. Mimi niko kathlabu. Humu madaktari wanatibu moyo bila kupasua kifua: wanapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja na kuufuata mpaka moyoni kwa picha za eksirei zinazotembea. Eksirei ndiyo macho yao, na mimi ndiye ninayesimamia yafumbuliwe kwa kiasi gani.

Saa mbili, wodini. Bibi amempakata mjukuu wa miezi 11, kilo 6 na nusu tu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hiyo miale yenu haitamkausha mtoto?"

Nikakaa naye. Mjukuu wake ana mshipa unaounganisha mshipa mkuu wa moyo na ule wa mapafu. Kila mtoto huwa nao tumboni mwa mama, kisha hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa. Wake haukujifunga. Damu inarudi mapafuni, moyo unafanya kazi mara mbili, ndiyo maana anatoka jasho akinyonya na hanenepi. Kuhusu miale sikumwambia "usijali". Seli za mtoto bado zinagawanyika kwa kasi, na ana miaka mingi mbele yake ambamo saratani inaweza kujitokeza. Nilimwambia tunaihitaji ili tuuzibe ule mshipa, na kwamba nitaihesabu.

Saa tatu tukaanza na mtoto wa miaka 6 mwenye vali, yaani mlango wa moyo, iliyobana. Puto likaingia, vali ikafunguka, tukamaliza. Chai na chapati moja nikiwa nimesimama.

Saa tano akaletwa mjukuu wa bibi. Kabla hajalazwa nimeshachomoa gridi, ule wavu wa madini ya risasi unaosafisha picha ya mtu mzima. Mwili mdogo hivi hautawanyi miale mingi, kwa hiyo ukiiacha gridi, mtambo unaongeza mionzi bure. Nikashusha mipigo ya miale kutoka 15 kwa sekunde hadi 7.5. Kitanda nikakipandisha kiwe mbali na bomba la miale, sahani ya kupokea picha nikaishusha mpaka karibu iguse kifua. Mikono yake tukaiinua ipishe mwale wa pembeni, halafu nikaubana mwale uone moyo tu, usifike kwenye tezi ya shingo wala tumboni.

Aliyeanza ni daktari anayejifunza ubingwa, na waya unaouongoza mrija ukakataa kupita. Akausukuma, akauvuta, akauzungusha. Kisha akageuka kumwomba nesi waya mwingine, macho yako mezani, na mguu bado umekanyaga pedali ya kuwashia miale. Hakuna aliyekuwa anaitazama skrini, na miale inaingia kwa mtoto.

"Daktari, mguu!"

Akautoa. Dakika moja baadaye, vilevile. "Daktari, mguu." Akaniomba nikuze picha. Mtambo ukikuza, unaongeza miale, kwa hiyo nikampa picha ya mwisho iliyobaki kwenye skrini na kuikuza hapohapo, haimgharimu mtoto chochote. Akataka arekodi tena mkanda mzima wa picha nzito, zile zinazokula miale mingi zaidi. Nikamwambia anao tayari, wa dakika tatu zilizopita, nikamfungulia. Kengele inayolia kila miale ikitimiza dakika 5 ikalia. Wengi huizima bila hata kusikia imesema nini. Mimi huizima na kusoma namba kwa sauti.

"Dada, mbona unatuharakisha?"

"Sikuharakishi, daktari. Chukua muda wako wote. Mguu tu uwe juu usipotazama."

Chumba kikanyamaza. Bingwa akasema, "Msikilize." Iliniuma kwamba maneno yangu yalihitaji sauti ya mwingine ili yapite.

Baada ya hapo saa sikuiona tena. Kengele ya pili, ya tatu, ya nne. Aproni ya risasi ilinikata mabega, mgongo ukawaka, mtaalamu wa usingizi akaongeza dawa. Bingwa akachukua waya, akabadilisha pembe, ukapita. Kizibo cha kwanza kilikuwa kidogo wakakirudisha, cha pili kikakaa. Dakika 24.

Jioni niliandika daftari. Dakika peke yake hazitoshi, naandika pia kiasi cha mionzi na ukubwa wa eneo lililopigwa. Nimefanya kazi mahali ambapo safu hiyo iliachwa tupu mwaka mzima, kwa sababu moyo umepona na nani ataulizia namba? Beji yangu inasomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, na kikomo changu kinajulikana, wastani wa milisievati (kipimo cha mionzi) 20 kwa mwaka. Mtoto hana beji. Ana mstari huu ninaouandika mimi.

Nikapita wodini kabla ya kutoka. Bibi alikuwa macho.

"Umehesabu?"

"Nimehesabu, bibi. Dakika 24."

"Ni nyingi?"

"Ni nyingi kuliko nilivyotaka. Na mshipa umezibika."

Akamfunika mjukuu miguu kwa kanga, akaniambia kesho nipite tena.