AC ya gari Mbeya: gesi haiishi, inavuja

Kila nikisema nimetengeneza AC ya gari hapa Mbeya, swali ni lile lile: "AC ya nini mama, na baridi yote hii?" Wanaouliza hivyo hawajashuka Isongole kuelekea Tukuyu alfajiri, mvua inapiga, ukungu umelala barabarani, na kioo cha mbele kimejaa mvuke kwa ndani hadi lori linalopanda huoni taa zake mpaka limekufikia. Mimi nauza mchele. Nashuka Kyela na kupanda mara kwa mara, magunia nyuma, na kina mama wenzangu wawili watatu wenye nguo zilizolowa. Pumzi zetu tu zinatosha kuziba kioo. Kufuta kwa kitambaa ni kazi bure, mvuke unarudi kabla hujashika usukani vizuri.

Ukiwasha AC pamoja na hita, hewa inapita kwanza kwenye evapoleta, kile kipoozeo kilicho ndani ya dashibodi, unyevu wake unageuka matone na kutiririka chini ya gari, kisha hewa ile kavu inapashwa moto na kupulizwa kwenye kioo. Kioo kinafunguka mara moja. Kwangu mimi AC haina tofauti na breki au waipa: ikifa, sishuki Tukuyu usiku.

Ilipoacha kupoza, fundi wa kwanza hakuchunguza chochote. "Gesi imeisha, tunajaza." Kauli hii imeniudhi kuliko zote. Gesi ya AC haichomwi kama petroli. Inazunguka mle mle, inabanwa na kompresa (pampu yake), inapozwa kwenye kondensa (ile kama rejeta iliyo mbele ya gari), inapanuka, inarudi. Mipira ya AC hupitisha gesi kidogo kidogo kwa miaka, sawa, lakini AC iliyopoza vizuri Pasaka na kunyamaza kabla ya Saba Saba ina mahali inapovuja.

Akajaza hivyo hivyo, asubuhi ya baridi, macho kwenye geji, akitafuta namba alizofundishwa akiwa Dar es Salaam. Presha inafuata joto. Gari likiwa limezimwa, gesi hii ya AC, inayoitwa R134a, kwenye nyuzi joto 15 inasoma karibu 60 psi (kipimo cha presha), na kwenye nyuzi 30 inakaribia 100, hata kama kiasi kilichomo ni kile kile. Yeye aliona namba ndogo, akaongeza, akaongeza tena. Mbeya ilipoza ajabu. Nilipofika Kyela, jua la saa nane, kompresa ikawa inashika na kuachia, inashika na kuachia, maana gesi ilizidi na swichi ya presha ilikuwa inaizima isipasuke kitu. Baada ya muda ikapoza vizuri hata Kyela, nikajua gesi inapungua yenyewe. Halafu ikanyamaza kabisa.

Gereji ya pili waliniambia kompresa imekufa, nitafute nyingine, na bei waliyotaja ingenimalizia mtaji wa msimu. Mwingine pale pale akanishauri tuweke gesi ya jikoni, "inapoza hata zaidi mama". Ni kweli inapoza. Lakini inashika moto, na evapoleta iko ndani ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria. Ikivuja pale, mmekaa nayo chumba kimoja na vioo vimefungwa. Niliondoka.

Aliyenisaidia ni kijana fundi wa friji pale Mwanjelwa. Watu wa friji wanajua tangu siku ya kwanza kwamba gesi haiishi. Akachomoa waya wa klachi, ile inayoshika na kuachia kompresa, akaipelekea moto wa betri moja kwa moja, na ikaita "tak!" palepale. Klachi nzima. Akapima presha: chini ya 20. Kumbe ile swichi ya presha ndogo ilikuwa inaizuia kompresa makusudi, kwa sababu mafuta ya kuilainisha husafiri na gesi, na ikizunguka bila gesi inajiua. Kompresa iliyohukumiwa kufa ndiyo niliyo nayo hadi leo.

Kutafuta tundu ndiko kulikonipa raha. Povu la sabuni tulipaka kila maungio tuliyoyafikia, hakuna kitu. Basi akaweka gesi kiasi pamoja na ile rangi ya kutafutia uvujaji, inayozunguka na mafuta na kung'aa ikimulikwa na mwanga wa zambarau. Taa yake maalumu ilikuwa imeungua. Nikamwambia asihangaike: mdogo wangu ni wakala wa pesa, ana tochi ya kukagulia noti bandia, na mwanga wake ni wa aina ile ile! Nilishuka na gari Kyela na kurudi ili rangi itembee. Usiku tukaingiza gari kwenye banda la gereji, taa zote zikazimwa. Kwanza tukamulika maji yanayodondoka kutoka evapoleta: hayana rangi, nikashusha pumzi, maana kuifikia hiyo ni kung'oa dashibodi. Mipira, safi. Tukafungua bampa la mbele, na pembeni kabisa chini ya kondensa, nyuma ya kile kiraba kinachoishikilia, pakawaka kijani cha kung'aa, kimechirizika hadi kwenye chesisi. Matope yalikuwa yamejikusanya pale miaka na bati likaliwa. Povu lisingefika pale hata tungemwaga ndoo.

Kulichomelea hakufai, limekwisha liwa na tundu jingine linafuata. Kondensa mpya ilikuja na basi kutoka Dar, kama laki mbili na ushee pamoja na usafirishaji. Draya (kichujio kinachofyonza unyevu), oringi za maungio na gesi havikufika hapo. Draya usikubali kurudishiwa ya zamani: mfumo ukikaa wazi inafyonza unyevu mpaka inashiba. Oringi zipakwe mafuta ya kompresa, si grisi.

Kisha ikaja pampu ya kunyonya hewa. Tukaiacha zaidi ya nusu saa, mshale wa geji ukagoma kwenye inchi 24 na kidogo za zebaki, kipimo cha utupu. Kitabu chake kinasema lazima ifike 29. Kijana akaanza kulaumu pampu, tayari anataka kufungua maungio yote upya. Nikamuuliza kitabu hicho kimeandikwa kwa ajili ya wapi. Geji ile inalinganisha ndani na hewa ya nje. Dar iko usawa wa bahari, hewa ni nzito, geji inaweza kufika karibu 30. Mbeya tuko juu ya bahari mita 1,700 hivi, hewa yetu ni nyepesi, na ukiinyonya yote hakuna pampu duniani itakayokuonyesha 29. Ndiyo maana hata maji huku yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Inchi 24 na kidogo kwa Mbeya ni utupu karibu kamili. Tukafunga vali, tukazima pampu, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi mshale haukuwa umesogea hata unywele: hakuna panapovuja. Nilifurahi mno, na kijana akaandika namba ile ukutani kwa chaki.

Gesi hatukuijaza kwa geji, tuliijaza kwa mizani. Kila gari lina gramu zake, zimeandikwa kwenye lebo chini ya boneti, na gramu hazibadiliki ukipanda Isongole wala ukishuka Kyela. Mtungi ukae juu ya mizani, toa kiasi kile, funga, basi. Na gesi iliyobaki kwenye gari kabla ya kufungua mipira ivutwe kwenye mtungi, isiachiwe hewani, kwani kilo moja ya R134a inapasha joto dunia zaidi ya kilo elfu moja za hewa ya ukaa.

Tangu hapo nimepita msimu mzima wa mvua za Rungwe kioo kikiwa safi, bila mvuke. Miezi ya kiangazi naiwasha dakika chache kila wiki hata kama sihitaji, ili mafuta yafike kwenye sili ya kompresa isikauke. Lebo ya gari langu ilikuwa imefifia, hivyo nimeandika gramu upya kwa rangi nyeupe chini ya boneti, herufi kubwa, na fundi asiye na mizani simruhusu kuunganisha mpira wake.