Barafu ya Barranco

Jana binti yangu alitoa glasi ya maji kwenye friza kabla hayajaganda vizuri. "Baba, mbona juu barafu, chini maji?" Mama yake akamjibu vizuri tu. Mimi kimawazo nilikuwa nimeshafika Barranco, kambi ya wapanda mlima Kilimanjaro.

Wagumu wenzangu, wapagazi wa mlimani, mnazijua asubuhi za pale, mita 3,900 na ushee. Wageni wanakunywa uji, sisi tunakunja mahema kwa vidole visivyosikia, maana lazima tuwatangulie ukutani, kwenye ule mwamba wa kukwea juu ya kambi, kila mtu na kilo 20 zake. Nilikuwa mpya kazini.

"Dogo, acha hema. Njoo uone."

Mzee wa kundi letu alikuwa amechuchumaa kando ya lobelia. Wageni hawaijali sana. Kamera zote huelekezwa kwenye ile miti mirefu iliyojifunika majani yake makavu. Lobelia ambayo haijachanua ni shada la majani tu, limekaa chini kama kabichi. Humo ndani mlijaa maji, na juu yake tando la barafu. Mzee akaligonga kwa ukucha: ti, ti. Halikuvunjika. Akauchukua mkono wangu, akanibonyezesha kidole taratibu, nikaona kiputo cha hewa kikihama chini ya barafu, huku na huku, kila nilipokandamiza. Chini zaidi, katikati kabisa, majani machanga yalikuwa yamekumbatiana, mabichi, hayana hata doa la baridi. Barafu inabaki juu, maji ya chini hayagandi, kichipukizi kinavuka usiku. Jua likipanda inayeyuka, jioni inaanza upya. Mimi nilikuwa nimelala na soksi mbili mbili na meno yaligongana mpaka alfajiri.

Hii ndiyo Lobelia deckenii, lobelia pekee inayoishi juu kiasi kile Kilimanjaro. Jina ni la Baron Karl Klaus von der Decken, aliyefika takriban mita 4,280 mwaka 1862, akageuza. Waliombebea mizigo hawakuachiwa hata jani.

Mzee akanionyesha shada la jirani, mnara wake wa maua umekauka, ndege chozi hawautembelei tena. "Hili lilichanua. Likishachanua, linakufa. Haya mengine ni ndugu zake, huko chini wameshikana."

Shada moja hukua miongo kadhaa, linatoa maua mara moja, mbegu mamia ya maelfu, basi.

"Kwenu wewe ni wa ngapi?"

"Wa kwanza, mzee."

Akacheka, akajitwisha mzigo, akaondoka.

Ukutani sikuwaza kingine, na pale mtu anatakiwa awaze miguu yake. Nilikuwa nabeba ili mdogo wangu alipiwe ada. Nilidhani mzee ameniaga. Lakini hesabu yake haikukaa sawa: kwetu aliyechanua ni huyo mdogo wangu, na yuko Dodoma, mzima wa afya, ananenepa. Magoti yaliyoisha ni yangu.