Pointi 20 kutoka Mwanza

Nafanya kazi ghalani, Dar es Salaam. Kwa miaka miwili nilikuwa nafungua mtandao wa ndani wa kampuni kuangalia zamu tu. Tunatumia ule wa Microsoft uliokuwa ukiitwa Yammer, siku hizi jina lake ni Viva Engage. Walioandika humo karibu wote walikuwa watu wa ofisini.

Kisha zikaja pointi. Ukiandika chochote unapata 5, mwenzako akikushukuru kwa msaada unapata 20, na pointi 500 ni muda wa maongezi wa shilingi 5,000.

Chapisho langu la kwanza lilikuwa picha ya katoni za mafuta ya kula nilizozipanga kwa kupishana kama matofali. Dereva mmoja wa Mwanza akanijibu: dada, ukipishanisha zote, pembe hazibebani, za chini zinabonyea. Panga pembe juu ya pembe, upishanishe safu ya juu peke yake, halafu funga kwa nailoni. Tukajaribu, na zilizobonyea zikapungua kweli. Nikampa shukrani yake, pointi 20 alizozistahili.

Zile 5 ningeziondoa kabisa, maana zinajaza "hongera" tupu. Nimeshamwandikia meneja hivyo.

Vocha yangu ya kwanza nilimpigia mama, Tanga. Nikamweleza habari za katoni hadi salio likaisha.